Somo: Maji kwanza, asidi baadaye. Kuandaa taitresheni ukiwa Kigoma

Habari za kazi, mafundi wa maabara na walimu. Mwakeye kwa walio nyumbani. Zamu ya somo imenifikia mimi, na wengi mliomba maandalizi ya taitresheni (kupima nguvu ya asidi au alikali kwa kudondosha moja ndani ya nyingine), kwa kuwa mitihani ya vitendo iko mlangoni. Nitaanzia kwenye maji. Najua mlitarajia nianze na asidi, ila vumilieni kidogo.

Miaka yangu ya mwanzo kazini, katika shule moja ya kata hapa mjini, niliandaa taitresheni ya mtihani wa majaribio (moko). Nilipima kama nilivyofundishwa: sodiamu haidroksaidi gramu 4 kwa lita, asidi ya haidrokloriki mililita 8.6 kwa lita. Nikajazia maji ya bomba, nikafunga maabara, nikaenda kulala. Kesho yake mwalimu wa kemia ananifuata na karatasi za watoto: 28.1, 27.9, 28.0, yaani mililita za asidi zilizotoka kwenye bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini). Jibu lilitakiwa kuwa 25. Akaniuliza, "Fundi, hii asidi ulinunua au uliokota?"

Nikailaumu asidi, kisha nikailaumu mizani. Kumbe kosa lilikuwa bombani. Maji ya mjini kwetu yanatoka Ziwa Tanganyika, na ziwa hili lina maji ya upande wa besi, pH yake inacheza karibu na 9. Kwa chai na ugali wa muhogo hayana neno. Ila lita moja ya maji hayo imebeba baikaboneti za kutosha kula takribani milimoli 6.5 za asidi (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali, milimoli ni sehemu yake ya elfu). Sasa piga hesabu: asidi ya moli 0.1 kwa lita ina milimoli 100 kwa lita. Ukiitengeneza kwa maji ya ziwa inabaki na 93 na nusu. Upande wa pili, alikali iliyotengenezwa kwa maji yaleyale inaongezewa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ndiyo maana bureti inasoma 28 badala ya 25. Na dalili niliiona jana yake: ndoo ya alikali ilikuwa na ukungu mweupe umetuama chini. Nikaupuuza. Ilikuwa magnesiamu iliyomo kwenye maji ya ziwa ikijitenga.

Hatua ya 1: Pima maji yako

Chukua mililita 100 za maji unayotaka kutumia, weka kwenye flaski, dondoshea matone mawili ya methili oranji (kiashirio, yaani rangi inayobadilika ikikutana na asidi). Yatakuwa ya njano. Jaza bureti asidi ya moli 0.1 ambayo una uhakika nayo (iliyotengenezwa kwa maji mazuri, la sivyo unazunguka mbuyu), kisha dondosha tone moja moja.

Maji mazuri yanageuka rangi ya chungwa kwa tone moja au mawili tu. Maji ya bomba la ziwani yatakunywa mililita 6 na zaidi kabla hayajageuka. Mara ya kwanza kufanya jaribio hili nilidhani bureti inavuja.

Hatua ya 2: Tafuta maji mazuri

Shule yenye mtambo wa kukeneka maji (kuyachemsha na kukusanya mvuke wake) inafahamika, na ni chache. Ile kampeni ya maabara tatu kila shule ya kata, mwaka 2014 na 2015, ilituachia vyumba, meza za zege na masinki. Mtambo wa maji haukuwemo kwenye michango.

Mimi natumia mvua. Kwetu inaanza Oktoba au Novemba na kwenda mpaka Mei, kwa hiyo mtihani wa Novemba unaikuta. Usikinge ya bati, maana bati lina kutu, vumbi na ndege. Weka beseni la plastiki uwanjani, juu ya stuli, mbali na mti. Subiri mvua inyeshe robo saa ioshe hewa, ndipo uweke beseni. Ukishakinga, chuja kwa kitambaa cheupe kisafi na upime kama hatua ya 1.

Kuhusu madumu niseme mara mbili: usihifadhie maji hayo kwenye dumu lililowahi kubeba mawese. Hata ukiliosha kwa sabuni na mchanga, mafuta yanabaki kwenye plastiki. Utayaona baadaye ndani ya bureti: badala ya asidi kushuka kwa utando laini, inabaki matonetone kwenye kioo, na kila usomaji unapishana. Nunua dumu jipya, liandike "MAABARA" kwa kalamu isiyofutika, kisha lifiche. Jikoni wakiliona utalikuta limejaa uji.

Kiangazi, nunua maji ya betri kwenye maduka ya spea. Angalizo: kuna wauzaji wanaoita maji ya betri kitu ambacho ni asidi ya betri. Dondoshea methili oranji kwenye kidogo kabla ya kununua madumu mengi. Ikiwa nyekundu papo hapo, rudisha.

Hatua ya 3: Jua unahitaji kiasi gani

Mtahiniwa mmoja weka mililita 150 za asidi na 150 za alikali. Hapo umehesabu kusuuza bureti, jaribio la kwanza la kubahatisha, matatu ya kweli, na yule atakayesahau kufunga koki. Watahiniwa 40 ni lita 6, andaa 7.

Changanya zote kwenye ndoo moja yenye mfuniko. Ukitengeneza lita moja moja kwenye flaski saba, utakuwa na asidi saba tofauti, na mtoto wa meza ya nyuma ataonewa.

Hatua ya 4: Asidi

Chupa ya asidi kali ya haidrokloriki ina karatasi. Isome. Tafuta asilimia na uzito kwa mililita, kwa mfano 36 na 1.18. Zidisha 10 kwa 36 kwa 1.18, gawanya kwa 36.5 (gramu za moli moja ya asidi hii), unapata 11.6: hiyo ndiyo moli kwa lita. Kupata lita moja ya 0.1 unahitaji mililita 100 gawanya kwa 11.6, yaani 8.6. Kwa lita 7 ni mililita 60. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana imeshapoteza gesi, haina tena nguvu iliyoandikwa, kwa hiyo mimi huongeza kidogo na kurekebisha kwenye hatua ya 6.

Maji yatangulie ndooni, asidi ifuate taratibu. Kwa asidi ya salfuriki ukigeuza utaratibu huo, maji yanachemka juu yake na kukurukia usoni. Fungua madirisha, vaa miwani na glavu, weka ndoo nyingine ya maji ya kawaida karibu. Ikikugusa jichoni au kwenye ngozi, suuza kwa maji mengi dakika 20 bila kukatisha, kisha hospitali. Usipake magadi wala dawa ya meno.

Hatua ya 5: Alikali

Vidonge vya sodiamu haidroksaidi vinanyonya unyevu wa hewa mbele ya macho yako. Fungua kopo, pima haraka ndani ya bika (kwenye karatasi vinanata), funga kopo. Gramu 28 kwa lita 7. Vikiyeyuka chombo kinapata joto kali. Acha kipoe ndipo ujazie mpaka kipimo. Hifadhi kwenye plastiki yenye mfuniko wa plastiki. Kizibo cha kioo kitagandana na shingo ya chupa, na hapo utaivunja.

Hatua ya 6: Hakiki

Hapa ndipo wengi tunaruka, kwa sababu ni saa kumi na mbili jioni na daladala ya mwisho inaondoka.

Sodiamu kaboneti isiyo na maji: ipashe moto kwenye bakuli la kauri kwa muda wa saa moja hivi, ipoe ikiwa imefunikwa, pima gramu 5.3, tengeneza lita moja kamili. Hiyo ni moli 0.05. Mililita 25 zake, kwa methili oranji, zinapaswa kumaliza mililita 25.0 za asidi ya 0.1.

Ukipata 23.8 asidi yako ni kali. Kila 23.8 inataka nyongeza ya maji 1.2. Kama una lita 4 ndooni, 4000 mara 1.2 gawanya kwa 23.8, unaongeza mililita 202. Koroga vizuri, rudia kipimo. Ukipata zaidi ya 25 ni hafifu, ongeza asidi kali tone kwa tone. Ndiyo maana nilisema uzidishe kidogo mwanzoni: kuongeza maji ni rahisi. Asidi ikishakubali, itumie kuhakiki alikali.

Andika jina, ukolezi, tarehe na aliyeandaa. Andika na usomaji wako kwenye daftari. Mwalimu akija na karatasi za 28, daftari ndilo litakalokutetea.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa kemia, Kasulu: Shukrani, fundi. Sisi huku hatunywi maji ya ziwa, tuna chemchemi ya mlimani. Nako kuna haja ya kuhangaika na mvua?

Jibu: Mwalimu, sijui, na wewe hujui mpaka upime. Maji ya chemchemi yanabeba kile yalichopitia ardhini. Hatua ya 1 inachukua dakika tano. Yakigeuka kwa matone mawili, umebarikiwa, tumia. Ila kwa kutengenezea silva naitreti (dawa ya kutambua kloraidi) usiyaamini hata kama yamefaulu. Jaribu pembeni: maji kidogo kwenye tyubu, tone la silva naitreti. Yakiwa na ukungu mweupe kuna kloraidi, na watoto wote wataandika wameona kloraidi hata pasipo na kloraidi.

Mwalimu wa baiolojia, Ujiji: Kaka, nje ya mada kidogo. Kipimo cha mafuta kwa Sudan III nilitumia mawese, kila mwanafunzi anasema haoni mabadiliko. Dawa imeharibika?

Jibu: Dada yangu, dawa ni nzima. Mawese yenyewe ni mekundu! Sudan III inapaka mafuta rangi nyekundu, sasa wekundu juu ya wekundu nani atauona? Chukua ya alizeti. Mawese yaache kwa maharage.

Fundi wa kujitolea, Uvinza: Shikamoo mkuu. Nimekuta bureti tisa, sita koki zimeganda kabisa. Mkuu wa shule anasema hana hela ya nyingine.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Aliyekutangulia aliacha alikali ndani usiku kucha, na alikali inakula kioo kidogo kidogo pale kwenye koki. Loweka sehemu ya koki kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, nusu siku. Kisha gonga koki polepole kwa mpini wa mbao upande ule mwembamba, huku mkono mwingine umeishika bureti jirani kabisa na koki. Ikikataa, loweka tena. Usitumie koleo. Mimi niliwahi kutumia koleo, nikabaki na koki mkononi na bureti sakafuni. Zikifunguka, futa zikauke, paka vaselini nyembamba, isiingie kwenye tundu. Na kila jioni bureti zioshwe, zigeuzwe kichwa chini, koki wazi.

Mwalimu, Tabora: Mizani yetu ni ile ya mihimili mitatu, inasoma mpaka 0.1 tu. Nikipima gramu 4 nina wasiwasi.

Jibu: Wasiwasi wako ni halali: kosa la 0.1 kwenye 4 ni asilimia 2 na nusu. Usipime 4. Tengeneza lita 10 kwa mkupuo, pima 40. Kosa lilelile linakuwa robo ya asilimia. Na kaboneti fanya hivyohivyo, 53 kwa lita 10, hata kama utamwaga nyingine.

Fundi, Kibondo: Mabaki tunamwaga wapi? Zamani tulikuwa tunamwaga kwenye shimo la choo.

Jibu: Asidi na alikali zilizobaki zichanganye zenyewe kwa zenyewe kwenye ndoo mpaka kiashirio kionyeshe zimetulizana, kisha maji mengi, basi. Mabaki yenye madini ya risasi na fedha (silva) yawe na chupa yake, usiyamwage popote. Ikijaa peleka taarifa kwa mkuu wa shule ili atafutiwe utaratibu na halmashauri. Chooni hapana. Mabaki ya salfaidi yakikutana na asidi mle shimoni yanatoa ile gesi ya mayai yaliyooza, ambayo ni sumu, na anayechuchumaa juu hajui chochote.