Rusha tiara kabla ya kuchimba msingi wa mnara

Huku Micheweni kamati yetu ilishachagua pa kusimamisha mashine za upepo za kufua umeme, fundi akatufunza hili. Rusha tiara (kishada) kubwa juu ya kiwanja, na kwenye uzi funga vitambaa vyepesi kila mita 3. Kanga kuukuu iliyochanwa vipande vyembamba inatosha. Kitambaa kikinyooka kikatulia, upepo wa hapo ni safi. Kikipigapiga na kujikunja, umevurugwa na miti au mapaa: mapanga ya mashine yatachakaa mapema na umeme utakuwa haba. Vyetu vilihangaika mpaka juu kabisa ya vilele vya minazi ndipo vikanyooka, kwa hiyo ule mnara mfupi tuliokuwa tuununue ungetutia hasara. Kasi ya upepo ikizidi mara 2, nguvu yake huzidi mara 8. Mita chache za juu msizibanie pesa. Uzi hulala, basi msihesabu mita za uzi kuwa kimo cha kutoka ardhini. Kipimo cha msimu wa kusi peke yake hudanganya, rudieni msimu wa kaskazi, upepo ukitoka upande mwingine, maana vizuizi vinakuwa vingine. Wala tiara haikwambii kasi. Hiyo yataka kipimaupepo, mwaka mzima. Na tafadhali, msirushe karibu na nyaya za umeme.