Kufungua, Kusafisha na Kusawazisha Kabureta ya Pikipiki ya Zamani

Pikipiki za zamani kama Honda CG125, Honda XL125 na Yamaha DT125 bado zina thamani kubwa kwa mtu wa Mwanza anayejua kuzitunza. Hata hivyo, ikitokea moja imeanza kuzima kwenye silensa (injini ikiunguruma bila eksileta kuvutwa) au kunywa mafuta kupita kiasi, ushauri wa kwanza anaopewa mwenye pikipiki ni kwenda kununua kabureta mpya, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ushauri huo naupinga kwa moyo wote. Kabureta iliyokuja na injini ilipimwa kiwandani kwa ajili ya injini ile ile, kwa maana kwamba kipenyo cha njia yake, mkato wa slaidi (kipande kinachopanda na kushuka ndani yake unapovuta eksileta), wembamba wa sindano inayoning'inia kwenye slaidi na namba za jeti (vipande vya shaba vyenye tundu la kupimia mafuta) vyote hutegemeana. Kabureta ya kuiga inaweza kukaa kwenye bolti zake bila tatizo na pikipiki ikawaka kwa kiki moja, lakini vipimo hivyo vya ndani mara nyingi havilingani na mahitaji ya injini, na kasoro huonekana pale unapopanda mlima na mzigo. Mwili wa kabureta ya zamani ukiwa haujapasuka wala kuliwa na kutu, inafaa kuirudishia uzima wake kwanza.

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha kwamba kabureta ndiyo yenye kosa. Plagi iliyochoka, chujio la hewa lililoziba kwa vumbi la barabara za vilimani, au valvu zilizobana huleta dalili zile zile. Kwa CG125, nafasi ya valvu ni milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi, na mwanya wa plagi ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Angalia pia raba inayounganisha kabureta na injini, kwa sababu raba ya miaka mingi hupasuka kwa chini mahali ambapo jicho halifiki, na hewa inayopenya hapo haipiti kwenye kabureta hata kidogo. Injini ikiwa kwenye silensa, dondoshea oili nyepesi kidogo kuzunguka maungio hayo. Mngurumo ukibadilika ghafla, tatizo lako ni raba au gasketi, na hakuna skrubu ya kabureta itakayolitibu. Usitumie petroli kwa jaribio hili, kwa sababu injini ina joto.

Kazi yenyewe ifanyike nje au mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa na sigara. Funga koki ya mafuta, kisha fungua skrubu ya chini ya bakuli (kikombe cha mafuta kilicho chini ya kabureta) na umwage mafuta yaliyomo kwenye chupa angavu ya kioo. Acha chupa itulie kwa dakika chache na uitazame kwenye mwanga. Petroli itakaa juu, na kama kuna maji utayaona chini yamejikusanya kama shanga zinazoteleza kila unapoinamisha chupa. Kwa wanaonunua mafuta ya madumu na chupa, hasa visiwani na vijiji vya mwambao, jambo hili ni la kuangaliwa kila mara. Maji hayo yakikaa ndani ya bakuli muda mrefu hula shaba na kuacha ukoko wa kijani, nao ukoko huo ukimeguka ndio unaoziba jeti ndogo. Ukikuta maji, safisha tangi na koki pia, la sivyo utairudia kazi hii baada ya muda mfupi.

Piga picha kwa simu kila hatua ya kufungua. Skrubu ya hewa, ile inayorekebisha mchanganyiko wa silensa, usiitoe kabla ya kuihesabu: izungushe kwa ndani taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko na nusu zake, uandike namba hiyo, ndipo uitoe. Usiikaze inapogusa, kwa sababu ncha yake ni laini na ikishapata mkunjo silensa haitatulia tena. Skrubu za bakuli kwenye kabureta za Japani zina kichwa cha msalaba chenye umbo tofauti kidogo na bisibisi ya kawaida, hivyo tafuta ncha inayojaza kichwa vizuri, bonyeza kwa nguvu, kisha zungusha. Skrubu iliyogoma igonge kidogo kichwani kwa nyundo ndogo kupitia mpini wa bisibisi kabla ya kujaribu tena.

Ondoa floti (boya linalodhibiti kimo cha mafuta ndani ya bakuli), sindano yake, oringi na vitu vyote vya raba na plastiki kabla ya kutumia dawa ya kusafishia kabureta, maana dawa hiyo huvimbisha raba. Wapo wanaochemsha mwili wa kabureta kwenye maji ya limau au kuulaza kwenye siki. Asidi hiyo hung'arisha kweli, lakini huchubua aloi iwapo itakaa muda mrefu, na mimi nashauri uvumilivu wa dawa, brashi laini na hewa ya kompresa.

Jeti ndogo, ile inayolisha silensa, ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Ichomoe, ifute, kisha ielekeze kwenye mwanga wa jua na uchungulie. Tundu lake kwa pikipiki ndogo lina upana wa chini ya nusu milimita, na tundu safi huonekana kama nukta ya duara kamili yenye kingo kali. Ukiona nukta yenye ukungu, au ya duara lililomeguka upande mmoja, bado ina gundi ya petroli iliyokauka. Usilitoboe kwa waya wa chuma, wala kwa sindano ya kushonea. Kinachofaa ni kipande cha uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, ambao unapatikana kwa urahisi sokoni kwetu na hauwezi kuikwaruza shaba. Baada ya hapo, puliza dawa kupitia kila njia ya mwili wa kabureta na uangalie inapotokea. Kwenye koo, yaani njia kuu ya hewa, upande wa injini, kuna vitundu vidogo sana karibu na ukingo wa slaidi. Dawa isipotoka hapo kwa mchirizi, silensa haitakuwa na uhai hata kama jeti zote zinang'aa.

Sehemu zinazochakaa ni chache. Ncha ya sindano ya floti ikionyesha alama ya mduara, badilisha, kwa kuwa hiyo ndiyo hufurisha bakuli na kumwaga mafuta chini pikipiki ikiwa imesimama. Sindano ndefu ya slaidi husuguana na tundu lake kwa miaka mingi mpaka tundu linakuwa la yai, na hapo pikipiki hunywa mafuta katika mwendo wa kati pasipo sababu nyingine yoyote. Badilisha sindano na tundu lake kwa pamoja. Gasketi na oringi ziwe mpya. Jeti za shaba za asili zikisafishika, zirudishe zile zile, hata kama kifurushi ulichonunua kina jeti zinazofanana nazo. Na ujue kwamba namba za Keihin na namba za Mikuni hazipimwi kwa kigezo kimoja, kwa hiyo namba zinazofanana kwenye jeti za watengenezaji hao wawili hazimaanishi mafuta sawa.

Kimo cha floti hupimwa kabureta ikiwa imeinamishwa kiasi kwamba ulimi wa floti unagusa tu kipini cha sindano bila kukibonyeza. Kila aina ina kipimo chake katika kitabu cha pikipiki, nacho hurekebishwa kwa kukunja ulimi huo kidogo mno. Kosa la milimita moja au mbili hapa huharibu kila rekebisho litakalofuata.

Sasa kusawazisha. Kila sehemu ya kabureta hutawala kiasi chake cha eksileta: jeti ndogo na skrubu ya hewa hutawala silensa hadi takriban moja ya nane, mkato wa slaidi huendelea hadi robo, sindano ndefu hushika robo hadi robo tatu, na jeti kubwa humalizia. Funga utepe kwenye mpini wa eksileta na uweke alama za robo, nusu na robo tatu, ili ukisikia injini inamisi ujue ni mahali gani badala ya kubahatisha.

Anza na silensa, injini ikiwa imepata joto. Weka skrubu ya hewa mzunguko mmoja na nusu kutoka inapogusa, au namba uliyoiandika, kisha pandisha silensa kidogo kwa skrubu ya slaidi. Zungusha skrubu ya hewa robo baada ya robo, ukisubiri kila mara injini iitikie, mpaka mngurumo unapokuwa juu na mtulivu kuliko pote. Shusha silensa hadi takriban mizunguko 1,400 kwa dakika, inayofaa CG125 na nyingi za ukubwa huo, na urudie zoezi hilo mara nyingine. Kama skrubu iko upande wa chujio, kuifungua huongeza hewa. Kama iko upande wa injini, kuifungua huongeza mafuta. Kulichanganya hilo ndiko kunakowapotezea wengi siku nzima.

Sindano ndefu hupandishwa au kushushwa kwa klipu yake, inayokaa kwenye mmoja wa mifereji iliyo juu ya sindano. Kuihamishia klipu mfereji wa juu hushusha sindano na kupunguza mafuta; kuihamishia mfereji wa chini huongeza. Hamisha mfereji mmoja tu kwa wakati, kisha panda pikipiki. Mlima wa Bugando ni kipimo kizuri cha eksileta ya nusu. Kwa jeti kubwa unahitaji barabara iliyonyooka yenye magari machache, mfano vipande vilivyo mbele ya Kisesa alfajiri: endesha eksileta ikiwa wazi kabisa kwa muda, shika klachi, zima injini pale pale, simama na ufungue plagi ikishapoa kidogo. Kauri ya rangi ya kahawia hafifu ni njema; masizi meusi makavu ni mafuta mengi; weupe wa chokaa ni hewa nyingi. Weupe usiupuuze, hasa kwa DT ambayo ni ya mipigo miwili, kwa sababu joto linaloletwa na hewa nyingi hunokisha injini bila onyo.

Kuna jambo la mahali petu ambalo halitiliwi maanani inavyostahili. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani. Pikipiki iliyopangwa vizuri Dar es Salaam ikifika Mwanza hupata mafuta mengi kidogo kuliko hewa, nayo plagi huanza kujaa masizi ingawa hakuna kilichoharibika. Mara nyingi jeti kubwa iliyo ndogo kwa namba moja inatosha kuleta usawa. Ile ya zamani itunze kwenye mfuko wenye jina, kwa maana pikipiki iliyosawazishwa hapa ikipelekwa Tanga au Dar es Salaam itapungukiwa mafuta, na jeti hiyo lazima irudishwe kabla ya kuiendesha kwa kasi.