SOMO: Namna ya kumuona mtaalamu wa lishe ukatoka na kitu cha kukusaidia, sio karatasi tu

Wakuu habari za majukumu. Hili somo nililiahidi muda, nikalichelewesha makusudi maana nilitaka kwanza mama, ambaye ana kisukari, apime kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 (HbA1c) ndo nije kuongea kitu nilichokiona kwa macho. Majibu yametoka, kutoka asilimia 9.6 ameshuka mpaka 7.5, dawa ni zilezile, kilichobadilika ni sahani. Kwa hiyo naandika.

Niwape historia kidogo. Mama yupo Korogwe, sukari aligundulika 2019. Hospitali ya kwanza tuliyoenda walimpa karatasi ya fotokopi ina safu 2, RUHUSA na MARUFUKU, kwenye ruhusa kuna brokoli, tufaha, mkate wa ngano nzima, kwenye marufuku kuna ugali, wali, ndizi, mihogo, embe, yani maisha yake yote yapo marufuku. Hakuna aliyemuuliza anakula nini. Mama ni mtii sana kwa daktari, akaacha kweli, akawa anashindia matango na chai kavu huku anameza glibenclamide kila asubuhi kama alivyoandikiwa, siku moja akaanguka shambani. Sukari ilikuwa imeshuka, sio imepanda! Ile dawa inashusha sukari umekula hujakula. Nilikuwa Dar, nimepigiwa simu saa 3 asubuhi, sitasahau.

Mara ya pili ndo tukapata mtu wa lishe kwelikweli. Swali lake la kwanza lilikuwa "mama, bakuli lako la ugali likoje?"

Sasa twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Jua unaenda kwa nani
Hospitali nyingi anaitwa afisa lishe, hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando huwezi kumkosa, na za rufaa za mikoa ulizia kitengo cha lishe dirishani. Kuna afisa lishe wa halmashauri pia, huyo mara nyingi anashughulika na jamii, watoto na wajawazito, lakini anaweza kukuelekeza. Hii ni fani ya kusomewa, SUA pale Morogoro wanatoa digrii yake, na Taasisi ya Chakula na Lishe ya nchi ipo tangu 1973. Kwa hiyo yule anayekuuzia unga kwenye kopo sio mtaalamu wa lishe. Mkufunzi wa jim naye sio, hata kama anajua mengi.

HATUA YA 2: Anzia kwa daktari, uende na vipimo
Usiende mikono mitupu. Sukari, presha, wingi wa damu, na FIGO. Nimeandika figo kwa herufi kubwa kwa sababu ndo inayobadilisha ushauri wote. Mtu wa sukari mwenye figo nzima anaambiwa kula maharage na mboga kwa wingi, mtu huyohuyo figo zikiwa zimechoka anaweza kupimiwa maharage na hata parachichi na ndizi, maana zina potasiamu nyingi. Ukichukua ushauri wa jirani umeumia.

HATUA YA 3: Andika unachokula siku 3
Hapa ndo penye somo lenyewe, mengine yote ni nyongeza. Chagua siku 2 za kazi na 1 ya wikiendi, andika kila kinachoingia mdomoni. KILA kitu. Andazi la saa 4, karanga za kwenye daladala, kipande cha muwa, vijiko vya sukari kwenye chai na umekunywa vikombe vingapi, ukoko ulioparura wakati unaosha sufuria, chakula alichobakiza mtoto ukakimalizia. Kama huwezi kuandika piga picha, mama alikuwa anapigiwa na mjukuu. Na usile kwa adabu siku hizo 3 kwa sababu unaandika, kula kama siku zote. Mtaalamu anafanyia kazi kile ulichomletea, ukimletea uongo atakupa ushauri mzuri sana wa mtu mwingine.

Kwenye daftari la mama alishangaa mwenyewe. Tulidhani tatizo ni ugali. Kumbe chai vikombe 4 kwa siku kila kimoja vijiko 3, hivyo ni vijiko 12 vya sukari kabla hujahesabu chakula, afu jioni soda kwa sababu alikuwa amekunywa dawa na "mdomo mchungu". Chupa ya kola ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 8 vya chai. Miaka yote hiyo tunapigana na ugali!

HATUA YA 4: Nenda na bakuli lako
Mimi nilibeba kwenye rambo, bakuli, kikombe cha chai, na upawa anaotumia kumimina mafuta. Watu kwenye benchi walituangalia sana ila ilisaidia kuliko maneno yote. Maana ukimuuliza mtu anakula ugali kiasi gani anakujibu "wa kawaida", na kila mtu ana kawaida yake. Mtaalamu akaangalia lile bakuli akasema hii ni kama ngumi zako 4 mama, tuanze na 2. Hakusema acha. Nafasi iliyobaki ijazwe mboga, nusu ya sahani iwe matembele, mchicha, bamia, mlenda, robo iwe ugali au wali, robo iwe maharage, dagaa au samaki. Upawa wa mafuta ukawa kijiko cha chakula kimoja kwa kila mlaji.

HATUA YA 5: Sema na dawa, zote
Za hospitali na za mitishamba, mlonge, mdalasini, maji ya bamia, chochote. Na saa unazomeza. Mama kuanguka kungezuilika kama mtu mmoja tu angeuliza "ukishameza unakula saa ngapi?"

HATUA YA 6: Ukiwa ndani ya chumba
Sema hali yako ya pesa bila aibu, na sema nani anapika. Kama anayepika ni mkweo au dada wa kazi mlete, kwa sababu ushauri utaishia mlangoni wewe ukifika nyumbani sufuria ni moja ya watu 8. Usiulize "nisile nini", uliza "hiki nachokula nile kiasi gani na saa ngapi". Ukitajiwa chakula ambacho sokoni kwenu hakipo mwambie palepale akupe mbadala. Na usikubali mambo 15 kwa siku moja. Sisi tulitoka na 2 tu, chai kijiko kimoja kisha baadae bila, na ngumi 2 za ugali. Ya mafuta yalikuja mwezi uliofuata.

HATUA YA 7: Rudi
Wengi wanaenda mara moja. Mara ya kwanza ni kufahamiana tu jamani, kazi ipo mara ya pili ambapo unasema hiki nimekiweza hiki kimenishinda. Beba daftari la sukari za asubuhi kama mna kimashine.

Haya, ulizeni.

MASWALI

Mkulima wa Kilosa: Mkuu asante kwa somo. Sisi tunaambiwa mgonjwa wa sukari ale dona tu, dona halina shida. Kweli?
Jibu: Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini vinabaki, kuna nyuzinyuzi, linachelewa kidogo. Lakini ni wanga ndugu yangu, ngumi 4 za dona zinapandisha sukari vizuri tu. Mzee mmoja tuliyekaa naye benchi alikuwa anakula dona mara 3 kwa siku anashangaa sukari haishuki. Asali pia hivyohivyo, watu wanaiweka kwenye chai wakidhani ni dawa.

Mama Wawili: Naomba msaada, mwanangu ana mwaka na miezi 8 haongezeki uzito, kadi mstari umelala miezi 3 sasa, niende kwa huyo huyo wa lishe au hospitali ya watoto?
Jibu: Dada usisubiri, kesho nenda kliniki ya mtoto iliyo karibu na kadi yako. Watampima uzito, urefu na mkono kwa ule utepe wa rangi. Kwa umri wake mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 huo ni utapiamlo mkali, anaanza matibabu mara moja, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri naye anafuatiliwa. Akiwa amevimba miguu usipite popote, hospitali siku hiyohiyo. Na waeleze kama anaharisha au anakohoa, maana mara nyingine chakula kipo ila ugonjwa ndo unakila. Utuambie umefikia wapi tafadhali.

Pwani254: Mimi niko Mombasa, huku kuna watu wengi sana wanajiita nutrishonisti mitandaoni, nitamjua vipi wa ukweli?
Jibu: Nyie Kenya mna bahati kwenye hili, kuna sheria ya 2007 iliyounda KNDI, wataalamu wa lishe wanasajiliwa pale na kupewa leseni. Muombe namba yake ya usajili uihakiki. Wa kweli hakasiriki ukimuuliza.

Kiboko wa Mbeya: Kuna jamaa kaniuzia saplimenti ya laki na nusu kasema nikimaliza kopo 3 naacha dawa za sukari. Nimemaliza 2.
Jibu: Mkuu dawa usiache, nakuomba sana. Kopo la 3 usinunue. Nenda nayo hayo makopo hospitali waone kilichoandikwa, na upime sukari na figo. Hiyo laki na nusu ni samaki, maharage na mboga za muda mrefu nyumbani kwako.

bint Unguja: Assalam alaykum kaka. Baba ana sukari, anameza vidonge, na Ramadhani hataki kabisa kusikia habari ya kuacha kufunga. Tumpeleke kwa mtu wa lishe au kwa daktari?
Jibu: Waalaykum salaam dada yangu. Wote wawili, na mapema, mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, sio wiki ya mwisho. Daktari ndo atasema kama hali yake inaruhusu kufunga na atazipanga upya dawa kati ya futari na daku, vidonge vingine kama ile glibenclamide iliyomwangusha mama yangu vina hatari kubwa ukishinda na njaa. Wa lishe atapanga futari, maana hapo kuna tende, uji wa sukari, tambi za sukari, viazi vya nazi, vyote kwa pamoja ndani ya nusu saa. Daku asiikose na aile kwa kuchelewa. Kupima sukari kwa kidole mchana hakufunguzi, masheikh na madaktari wengi wameshalisema hilo, kwa hiyo apime. Kimashine kikisoma chini ya 3.9 (mmol/L) anafungua palepale hata kama zimebaki dakika 10 adhana ilie, vijiko 3 vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15 apime tena. Muwekeni mtu wa kukaa naye alasiri, maana hapo ndo inaposhuka sana na mwenyewe anaweza asijue.