Jinsi ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani

Mimi ni msaidizi wa kisheria, Pwani ya Kenya. Kina mama wengi hunijia wakiamini kwamba bila cheti cha ndoa hakimu hatawasikiza wakiomba amri ya ulinzi, yaani agizo la kumzuia anayewadhulumu. Sivyo. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inamlinda mke, mtalaka, mchumba, mliyezaa naye, hata ndugu wa nyumba moja. Wanaume pia. Wala si kipigo pekee: kubanwa kwa pesa, kufuatwafuatwa na kuingiliwa na wakwe, vyote vimo.

1. Kwanza uwe salama. Ukiumizwa, nenda hospitali, kisha polisi. Usiondoke kituoni bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na uitishe fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha yako. Laini ya 1195, ya msaada kwa wanaodhulumiwa, hupigwa bure. Karatasi zako mwachie jirani unayemwamini. Usizifiche chini ya godoro mnalolalia wote wawili.

2. Andika kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli. Hapa ndipo kesi nyingi hulegea. "Ananitesa sana" haimpi hakimu la kushika. Andika hivi: "Jumapili iliyopita, saa tatu usiku, alinisukuma ukutani nikiwa nimembeba mtoto. Alisema, 'Ukitoka hapa nitakuua.' Jirani alisikia akaja kugonga mlango." Anza na tukio la juzi, ndipo urudi nyuma. Vitisho viandike vilevile alivyovitamka, hata kama ni matusi mazito. Najua aibu inayowashika kina mama hapo. Wengi huandika "alinitukana" tu, na kumbe alitishia kuua. Dada yangu, aibu hiyo si yako.

3. Wasilisha ombi mahakama ya hakimu. Eleza kwamba ni la dharura na uombe amri ya muda. Hakimu anaweza kuitoa kabla mwenzako hajaitwa. Taja unachotaka: asikuguse, asikupigie simu, asikanyage kazini kwako, watoto wabaki nawe.

4. Amri ikitoka, usimpelekee kwa mkono wako. Uliza karani nani atamkabidhi. Nakala moja ipeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe, nyingine itembee nawe mkobani. Akiivunja ametenda kosa: faini hadi shilingi 100,000, kifungo hadi miezi 12, au vyote viwili.

Tarehe ya kurudi mahakamani usiikose, hata wazee wakija kukuombea msamaha wake. Amri ya muda ina mwisho wake.