Kupeleka Chakula Marekani: Anzia Sakafuni mwa Kiwanda, Si kwenye Cheti

Mara nyingi mwenye kiwanda cha Baba Dogo au cha Industrial Area, hapa Nairobi, huniletea cheti kilichopambwa kwa bendera ya Marekani na muhuri wa rangi ya dhahabu, akitaka kujua kama sasa anaweza kusafirisha bidhaa zake. Aghalabu huwa amekilipia pesa nzuri. Humjibu kwamba Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, haitoi vyeti vya usajili kwa viwanda vya chakula, haitozi ada ya usajili huo, na nambari inayoitoa haimaanishi kwamba imekiidhinisha kiwanda wala chakula chake. Kujisajili ni kupiga hodi tu. Kitakachochunguzwa baadaye ni kazi yenyewe pamoja na maandishi yanayoithibitisha, na ndiyo sababu nashauri uanzie humo kiwandani.

Kwanza hakikisha chakula chako kiko chini ya mamlaka gani. Nyama na kuku husimamiwa na wizara ya kilimo ya nchi hiyo, USDA, ambayo hupokea bidhaa hizo kutoka nchi ilizozikubali pekee. Mazao mabichi huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la Kenya linalokagua afya ya mimea, na sharubati, samaki na vyakula vya makopo vina kanuni zake maalumu. Bidhaa nyingine nyingi zinazosindikwa Nairobi, kama viungo, vitafunio na njugu za kukaangwa, huangukia mikononi mwa FDA na sheria ya usalama wa chakula iliyotiwa saini Januari 2011. Nitatumia mfano wa makadamia zilizokaangwa, kwa kuwa ndizo ninazoshughulikia zaidi.

Sheria hiyo inataka kiwanda kiwe na mpango wa usalama wa chakula ulioandikwa, uliotayarishwa au kusimamiwa na mtu mwenye mafunzo au uzoefu unaotambulika katika udhibiti wa hatari. Si lazima awe mwajiriwa wako, lakini ni lazima aijue njia ya bidhaa yako tangu gunia linaposhushwa kwenye lori hadi katoni inapofungwa. Tembea naye njia hiyo yote, mkijiuliza katika kila hatua ni kitu gani kinachoweza kumdhuru mlaji. Kwa makadamia, hofu kubwa ni bakteria wa salmonela, na hatua inayowaua ni kukaanga. Kwa hiyo jotoridi na muda wa kukaanga lazima vithibitishwe kisayansi kwamba vinatosha kwa mashine yako wewe, wala si kunakiliwa kutoka kwa jirani. Halafu tazama kinachofuata baada ya tanuri, maana hapo ndipo wengi huteleza: mfanyakazi aliyeshika magunia mabichi akipita hadi kwenye meza ya kufungashia na gambuti zile zile, ule ukaangaji wote umekuwa kazi bure.

Daftari la tanuri ndilo hulifungua kwanza ninapoingia kiwandani. Wakati mmoja nilikuta ukurasa wenye vipimo vya wiki nzima, vyote vikiwa na jotoridi lile lile hadi nyuzi ya mwisho, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na safu ya Ijumaa ilikuwa imejazwa ilhali siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mkaguzi akiona hivyo hatakuwa na haja ya kupima njugu hata moja. Kipimo huandikwa papo hapo, kwa saa halisi, na aliyepima hutia sahihi. Anayesimamia mpango hupitia kumbukumbu hizo ndani ya siku 7 za kazi, nazo hutunzwa kwa angalau miaka 2. Tanuri likishindwa kufikia jotoridi, andika hivyo, na uandike njugu za mkupuo huo zilipelekwa wapi. Daftari lenye kasoro iliyorekebishwa huaminika kuliko lisilo na doa.

Anayesindika njugu karanga ana mzigo wa ziada, yaani sumukuvu, ambayo hapa kwetu imezoeleka kwa jina la aflatoksini. Marekani hukataa karanga zinapozidi mikrogramu 20 kwa kilo, na kiwango cha Kenya ni kikali zaidi, mikrogramu 10. Hata hivyo usijitulize kwa cheti kimoja cha maabara, kwa sababu kuvu haienei sawasawa: gunia moja laweza kuwa safi na la pembeni yake likawa sumu tupu. Chota kidogo kidogo kutoka magunia mengi, uchanganye, usage, ndipo upeleke sampuli.

Mwagizaji wako wa Marekani naye anabanwa na sheria, kwa kuwa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba muuzaji wake wa ng'ambo anafuata kanuni. Akikuomba mpango wako na matokeo ya maabara, hakuchimbi; anajilinda. Viwanda vidogo sana vimepunguziwa baadhi ya masharti, lakini usafi wa msingi haukupunguzwa kwa yeyote.

Lebo iwe kwa Kiingereza, ionyeshe uzito kwa gramu na kwa aunsi, jedwali la virutubisho la muundo wa Kimarekani, na chochote kilichomo kati ya vyakula 9 vinavyosababisha mzio mkali, ambavyo tangu Januari 2023 vinajumuisha simsim. Kuandika “njugu” tu hakutoshi. Itaje makadamia kwa jina lake.

Sasa ndipo usajili unapofaa. Utahitaji nambari ya utambulisho wa kiwanda, kwa kawaida ile ya DUNS, inayotolewa na kampuni ya Dun & Bradstreet, pamoja na wakala anayeishi au mwenye ofisi Marekani, na usajili huhuishwa kati ya Oktoba 1 na Desemba 31 ya kila mwaka wa shufwa, kama vile 2026. Kila shehena hutanguliwa na taarifa kwa FDA, si chini ya saa 4 kabla ya ndege kutua au saa 8 kabla ya meli kufika. Kagua taarifa hiyo mwenyewe kabla wakala wa forodha hajaituma, hasa nambari ya usajili, kwa sababu mteja wangu mmoja aliacha usajili ukalala na mzigo wake ukazuiliwa uwanjani huku ada ya kuhifadhi ikipanda kila siku.

Mchague wakala huyo wa Marekani kwa uangalifu kuliko unavyomchagua dereva. FDA haitatoa nambari ya usajili kabla hajathibitisha kwamba amekubali kazi hiyo, na hata barua ya kuomba siku ya kukagua kiwanda chako yaweza kupitia kwake. Kiwanda kinachokataa kukaguliwa huzuiliwa bidhaa zake, na ukimya wa wakala asiyesoma barua pepe waweza kuhesabiwa kuwa ni kukataa.