Neno Geni Siku Mbili, la Tatu Lipe Jembe: Kujifunza Maneno Magumu ya Kiingereza

Mwanafunzi mmoja alinijia na daftari lililojaa hadi pembeni. "Mwalimu, nimekariri maneno mia mbili!" Nikamwuliza maana ya loquacious. "Mtu mwenye maneno mengi," akajibu papo hapo. Haya, nitungie sentensi. Kimya. Neno la wasemaji lilikuwa limemfunga mdomo.

Tangu hapo sifundishi tena kwa orodha. Neno geni nalichukua kama mgeni wa methali: siku mbili unalikirimu, ya tatu unalipa jembe lifanye kazi. Hizi ndizo hatua ninazozifuata na wanafunzi wangu wa sekondari.

Hatua ya 1: Pokea wageni wachache

Maneno matano kwa wiki yanatosha. Yatoe katika kitabu unachokisoma, kwa sababu neno ulilolikuta ndani ya sentensi tayari umewaona majirani zake. Lile la kwenye orodha limekuja peke yake, halina hata kwao.

Maneno ya maonyesho yajue, ucheke, uyaache yapite. Sesquipedalian ni mtu apendaye maneno marefu, na kwa Kilatini maana yake ya asili ni "-enye urefu wa futi moja na nusu". Sijawahi kuliona likifanya kazi yoyote ya maana katika insha. Defenestration, yaani kumtupa mtu nje kupitia dirishani, lina heri kidogo kwa wanaosoma historia: huko Prague mwaka 1618 maofisa wawili wa mfalme na katibu wao walitupwa hivyo, wote watatu wakapona, na ghasia hizo zikafungua Vita vya Miaka Thelathini.

Hatua ya 2: Lipasue

Hapa usiende mbio. Wewe msemaji wa Kiswahili tayari ni fundi wa kupasua maneno: ukiujua mzizi -som-, hakuna haja ya kukariri msomaji, somo, somesha na usomaji kimoja kimoja. Maneno mengi magumu ya Kiingereza yametoka Kilatini na Kigiriki, nayo yana mizizi vilevile.

Chukua grex, neno la Kilatini la kundi la mifugo. Humo imetoka gregarious, mtu apendaye kuwa na wenzake. Tanguliza con-, "pamoja", upate congregate, kukusanyika. Tanguliza se-, "kando", upate segregate, kutenga. Ukitanguliza e-, "nje", unapata egregious, aliyetoka nje ya kundi. Na hapa mzizi unakuonyesha mlango bila kukuambia nani yumo ndani: zamani egregious ilikuwa sifa ya mtu aliyewapita wenzake kwa ubora, lakini leo ni ubaya uliopita kiasi. An egregious error ni kosa la aibu. Ukimwita mfadhili wako egregious, usishangae msaada ukikatika.

Procrastinate nalo lina cras ndani yake, "kesho". Kusukuma kazi hadi kesho, kupiga kalenda. Kisha kuna ndugu wawili wa animus, "roho": magnanimous ni mwenye roho kubwa, anayesamehe hata aliyemshinda au kumkosea, pusillanimous ni mwenye roho ndogo kabisa, mwoga.

Yapo yasiyopasuka. Serendipity lilitungwa na Mwingereza Horace Walpole katika barua ya mwaka 1754, akilitoa kwenye hadithi ya wana wa mfalme wa Serendip, jina la kale la Sri Lanka. Hao walikuwa wakigundua mambo ambayo hawakuwa wakiyatafuta. Kwetu tungesema kuokota dodo chini ya mwarobaini. Kwa maneno ya namna hii, hadithi yenyewe ndiyo inayolishikilia neno kichwani.

Hatua ya 3: Usiamini sura

Nilipokuwa mwanafunzi niliandika katika insha kwamba darasa letu lilikuwa noisome. Nilitaka kusema lina kelele. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanituma kwenye kamusi: noisome ni -enye kunuka vibaya, -enye kuchukiza. Halina undugu wowote na noise. Limetoka upande wa annoy. Wenzangu hawakunisamehe muhula mzima.

Kwa hiyo tenga ukurasa wa matapeli daftarini. Wa kwangu unaanza hivi. Enervate linafanana na energy, lakini maana yake ni kumtoa mtu nguvu. Restive si aliyepumzika, ni asiyetulia. Pulchritude lina sauti ya ugonjwa wa ngozi, kumbe ni uzuri. Nonplussed ni aliyeduwaa asijue la kufanya, ingawa Marekani wengi hulitumia kwa mtu asiyetikisika. Hilo la mwisho mimi huwaambia wanafunzi walitambue wakilisoma lakini wasiliandike, kwa sababu msomaji wako hatajua unakusudia lipi.

Hatua ya 4: Litamke

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunayabeba hadi kwenye Kiingereza, ambako mkazo unahamahama. Epitome, yaani mfano halisi wa kitu, ina silabi nne, i-PI-ta-mi. Hyperbole, yaani kutia chumvi, vilevile, hai-PA-ba-li. Sikiliza kamusi yenye sauti, rudia kwa mdomo mara tano, endelea mbele.

Hatua ya 5: Lipe jembe

Siku ya tatu tunga sentensi tatu: ya maisha yako, ya somo lingine unalosoma, na ya mzaha. Ile ya mzaha ndiyo hukaa.

Kisha lipime. Liondoe neno geni, weka jepesi mahali pake. Sentensi isipopoteza kitu, liache hilo jepesi. Phones are ubiquitous in our classrooms inasimama, maana ubiquitous inabeba wazo la kitu unachokikuta kila ugeukapo. Lakini kuandika my house is commodious pale ambapo ungeandika big ni kuvaa suti kwenda kuchota maji.

Angalia pia mipaka. Petrichor, neno lililotungwa na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, mwaka 1964, ni harufu inayopanda mvua inapoipiga ardhi iliyokauka. Mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, usiliite tena.

Hatua ya 6: Litembelee

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yakionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri huponyoka mapema, kisha kasi ya kusahau hupungua. Basi rudi mapema: siku inayofuata, siku ya tatu, ya saba, kisha baada ya wiki mbili. Tumia kadi, lakini upande wa mbele usiandike neno. Andika sentensi yako uliyoitunga na uache pengo, ili akili ilazimike kulitafuta neno badala ya kulitambua tu.

Neno likianguka mara tatu, litoe kwenye kadi. Likiwa na umuhimu utalikuta tena kitabuni, na safari hiyo utalisalimia kwa jina.

Yule wa maneno mia mbili tulimpunguzia yakabaki matano. Wiki iliyofuata akaniletea hii: My loquacious aunt ran out of breath before she ran out of news. Nikampa alama ya vema, na matano mengine.