Kata Boma Rhodes kabla haijazeeka

Ukipita Njoro au Rongai, kule Nakuru, mwezi wa Januari utaona nyasi za Boma Rhodes zimefika kiunoni, zimegeuka manjano, na mwenye shamba bado anangoja ziongezeke. Anachongojea ni vijiti. Nyasi zikishamwaga mbegu, protini imeshuka na shina limekuwa gumu kama la ufagio. Utapata marobota mengi, yaani mafungu ya nyasi kavu za kulisha ng'ombe, kweli, lakini kiangazi kizima utabaki ukijiuliza kwa nini maziwa hayapandi.

Kata nyasi zinapoanza kuchanua, karibu nusu ya vichwa vikiwa vimetoka. Subiri umande ukauke asubuhi, kisha acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10 ili nyasi zichipue upesi mvua ikirudi. Zitandaze nyembamba na uzigeuze mara mbili kwa siku. Jua likiwa zuri, siku mbili au tatu zinatosha. Usizikaushe mpaka zipukutike mkononi, kwa maana kinachopukutika ni majani, na lishe iko kwenye majani.

Hapa kwenye unyevu ndipo nawasihi wafugaji wasiwe na haraka. Mwaka mmoja nilifunga marobota jioni kwa kuogopa wingu lililokuwa upande wa mlima Menengai. Majani yalikuwa makavu ila vifundo vya mashina bado vilikuwa vibichi. Baada ya wiki mbili nilitia mkono katikati ya robota nikakuta joto. Nilipokata kamba likatoka vumbi jeupe la ukungu, na ng'ombe wakanusa wakageuka. Nyasi za ukungu zinaweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba atupe ndama, na robota lililofungwa bichi huweza kupata joto hadi likashika moto ghalani.

Kipimo chake kinapatikana jikoni. Katakata konzi ya nyasi, tia kwenye chupa kavu ya jamu pamoja na kijiko cha chumvi kavu, funga, utikise dakika mbili au tatu. Chumvi ikishikamana au ikiganda kwenye kioo, nyasi bado mbichi. Ikibaki ikimwagika kama ilivyokuwa, funga.

Asiye na mashine atumie sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala sakafu, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandika kamba kwanza, jaza nyasi huku mtu akikanyaga, kisha funga. Robota moja litakuwa na kilo 15 hadi 20. Yapange juu ya mbao, si kwenye udongo, chini ya paa lisilovuja.

Je, unahitaji mangapi? Ng'ombe wa kilo 400 hula kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Ukimpa nusu ya hizo kwa nyasi kavu, ni kilo 6. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi ni siku 90, yaani kilo 540, au marobota 36 ya kilo 15. Fanya hesabu hiyo kwa kila ng'ombe kabla hujamuuzia jirani hata robota moja.

Anayekula nyasi kavu hunywa sana. Anayekamuliwa aweza kumaliza lita 60 au zaidi kwa siku, kwa hiyo maji yawe mbele yake mchana na usiku, na chumvi ya madini isikosekane horini. Kupe nao usiwasahau kwa kuwa kumekauka: endelea na josho au pampu ya dawa kila wiki, ukikagua ndani ya masikio, maana kupe wa hapo ndiye aletaye ugonjwa wa ndigana kali.

Samadi ya zizi irudishe kwenye shamba la nyasi. Kila robota linalotoka huondoka na rutuba, na shamba lisilorudishiwa huvamiwa na magugu baada ya misimu michache. Itawanye mwanzoni mwa Machi, masika yaikute tayari iko shambani.